Je, wajua kwa nini mizani hugoma wiki ya tatu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito?

Wiki mbili za mwanzo kilo hukimbia: 6, 7, wengine hata 9. Halafu ikifika wiki ya tatu au ya nne mizani inaganda. Siku tano, siku kumi, wakati mwingine wiki mbili nzima, namba ni ileile, na kuna asubuhi inaonyesha nusu kilo zaidi. Mtu anakula vijiko vinne vya mtori kwa mlo mmoja na bado hapungui. Mawifi nao wameshaanza kuuliza hela zote zile zimeenda wapi.

Madaktari wa upasuaji huu hulitarajia jambo hili, na wengi wao humwonya mgonjwa kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Kinachosimama pale ni hesabu ya maji. Mafuta yanaendelea kupungua.

Mwili hutunza akiba ya sukari kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushika takriban gramu 3 za maji. Chakula kikipungua ghafla, akiba hii ndiyo hutumika kwanza, ndani ya siku chache, na maji yake huishia chooni. Hapo tayari karibu kilo 2 zimeondoka bila mafuta kuguswa sana. Kuna na dripu: lita 1 ya dripu ni kilo 1, ndiyo maana wapo wanaotoka wodini wakiwa wazito kuliko walivyoingia, kisha wanayakojoa maji yale nyumbani na kudhani wamepungua. Kufikia wiki ya tatu mgonjwa ameshaachana na vimiminika vitupu, wanga kidogo umerudi kwenye sahani, na mwili unajaza tena sehemu ya akiba pamoja na maji yake. Mafuta yanatoka huku maji yakiingia, na mizani haijui kutofautisha.

Piga hesabu uone. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Mtu ambaye mwili wake unatumia kalori 1,900 kwa siku na anakula 800 ana upungufu wa 1,100, sawa na gramu 140 hivi za mafuta kila siku. Maji yaliyorudi yakiwa kilo 1.5, yanaficha kazi ya siku kumi. Kwa mwanamke, maji ya kabla ya hedhi peke yake yanaweza kuongeza kilo 1 au zaidi. Papa wa chumvi aliyeliwa jana jioni anafanya hivyohivyo, na choo kilichofunga siku nne, jambo la kawaida mno kwa mtu anayekula protini na kunywa maji machache, nacho kina uzito wake.

Kwa hiyo pima mara moja tu kwa wiki: siku ileile, asubuhi, baada ya choo na kabla ya kunywa chochote, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na si zulia. Mizani za barabarani pale Kariakoo ziache. Kila moja ina namba zake, na wewe umepanda na viatu, simu na pochi. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, nyonga na paja, kila baada ya wiki mbili. Mara nyingi tepu hushuka wakati mizani imesimama.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni kuamua kula pungufu ya ulichoandikiwa. Ukibana, cha kwanza kukosekana ni protini, na mwili uliokosa protini hula misuli. Misuli hutumia kalori hata ukiwa umelala, hivyo unajikuta umepunguza kasi yako mwenyewe. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na halifikiki kwa uji. Mayai mawili yanatoa 12, kikombe cha mtindi usio na sukari 8, samaki wa kupikwa kipande cha gramu 80 kama 18, kuku gramu 60 kama 17, na nusu kikombe cha maharage laini 7. Jumla ni 62, na hakuna unga wa kopo ulionunuliwa. Dagaa wakavu waliosagwa wakachanganywa kwenye supu ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye nyama bado inamkwama. Protini iliwe kwanza, mboga ifuate, ugali uwe wa mwisho kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki.

Sasa, wiki mbili za kuganda ni jambo moja, na kupungua polepole miezi yote ni jingine. Hili la pili mara nyingi ni tatizo la matarajio. Kwa wastani, upasuaji wa slivu, ule unaoondoa karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, hupunguza kama asilimia 25 ya uzito wote, na baipasi, ule unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, kama asilimia 30, sehemu kubwa ikiwa ndani ya miezi 12 hadi 18. Mwenye kilo 120 akifanyiwa slivu atarajie kufika karibu na 90. Aliyeanza na kilo 95 atapoteza 24 hivi, na atajiona amefeli akijilinganisha na jirani yake wa kilo 120 aliyepoteza 30, ilhali matokeo yao ni yaleyale. Kilo ulizopunguza kabla ya upasuaji nazo zihesabiwe. Mwenye kisukari hupungua polepole zaidi, na umri ukienda kasi hupungua.

Ukiwa na hakika kwamba uko chini ya kasi hiyo, kagua kinachopita bila kushibisha. Upasuaji unazuia wingi wa chakula kigumu. Kimiminika na chakula laini chenye sukari au mafuta hakizuiwi na kitu, kinateleza. Soda ya chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kalori 150, na tumbo dogo linaipokea vizuri tu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Tui zito la nazi, robo tatu ya glasi ndogo, ni karibu kalori 200, na mchuzi wa samaki wa Pwani haupikwi kwa tui jepesi. Kisha kuna kudokoa: korosho tano hapa, kashata pale, kipande cha andazi la mtoto, onjo la pilau kwenye shughuli kwa sababu mama mwenye nyumba kakukazia macho. Kiganja cha korosho, gramu 30, ni zaidi ya kalori 160. Andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba, pamoja na vionjo. Daftari hilo hutoa majibu haraka kuliko vipimo vingi.

Kunywa wakati wa kula ni tundu jingine. Chakula hulainika, hupita upesi, na nafasi ya kula tena hufunguka. Acha kunywa mlo unapoanza, na subiri dakika 30 baada ya kumaliza. Kwa joto la Dar hii ni ngumu, kwa sababu bado unatakiwa kufikisha lita 1.5 au zaidi kwa siku, na kwa mafunda madogo. Njia ni kutembea na chupa, funda moja kila dakika chache, kuanzia asubuhi. Anayetaka kufunga Ramadhani katika miezi ya mwanzo aongee na daktari wake kwanza, maana muda kati ya futari na daku ni mfupi kwa kiasi hicho cha maji.

Dawa nazo zikaguliwe. Insulini, glibenklamaidi, prednisoloni, amitriptilini na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zote zinaweza kushikilia uzito. Usiziache mwenyewe, mwulize daktari kama ipo mbadala, na mwombe kipimo cha tezi ya shingo. Kama mwaka umepita na upungufu ni mdogo kweli, kuna dawa za sindano kama semaglutaidi ambazo madaktari huongeza juu ya upasuaji.

Mazoezi yanalinda misuli zaidi ya kuchoma kalori. Wiki za mwanzo ni kutembea tu. Baada ya wiki sita, daktari akiruhusu, nyanyua chupa za maji za lita 1.5, moja kila mkono, mara 10, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Usishangae mizani ikipanda kidogo wiki ya kwanza: misuli iliyofanyishwa kazi hushika maji.

Cha kukimbilia hospitali ni tofauti na mizani iliyoganda. Homa, mapigo ya moyo kupita 120 ukiwa umetulia, au maumivu makali ya tumbo katika wiki za mwanzo huweza kuashiria mshono unaovuja, usisubiri kuche. Kutapika siku mbili tatu mfululizo hushusha kilo haraka, na ndugu watakusifia, lakini vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache. Ukianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba unapotembea au kuchanganyikiwa, mweleze daktari wa zamu kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo na umekuwa ukitapika, ili upewe B1 kwa sindano kabla ya dripu yoyote yenye sukari.