Ndege ya betri maana yake nini, na mbona bado haikupeleki mbali

Ukisikia ndege ya umeme usikimbilie kuwaza yale madude ya propela nyingi kama droni yanayopaa wima, hayo yana habari yake na ni ndefu. Hapa naongelea ndege ndogo ya kawaida kabisa, ina mbawa, ina mkia, inakimbia kwenye njia ya kurukia kama wenzake halafu inapaa. Tofauti iko puani tu: pale penye injini ya petroli pamewekwa mota, na mota inakula umeme wa betri zilizomo humohumo ndani ya ndege. Maana yenyewe ndo hiyo, imeisha.

Na sio kitu cha jana. Tarehe 21 Oktoba 1973 huko Austria jamaa anaitwa Heino Brditschka aliruka na ndege ya mota na betri, akakaa hewani dakika chache akatua salama. Zaidi ya miaka 50 iliyopita! Sasa swali la maana ni hili, kama waliweza tangu wakati huo mbona ukienda kupanda ndege leo bado unasikia harufu ya mafuta?

Jibu halipo kwenye mota, mota wameshaimaliza zamani. Ni nyepesi, vitu vinavyozunguka ndani ni vichache, umeme unaouingiza karibu wote (asilimia 90 na zaidi) unageuka kuwa kazi wakati injini ndogo ya petroli inakupa robo au theluthi hivi na kilichobaki kinapotea kama joto na moshi. Halafu mota haivuti hewa, kwa hiyo ukipanda juu kwenye hewa nyepesi haichoki kama injini ya petroli inavyochoka.

Shida ni mzigo. Chukua kilo moja ya mafuta ya ndege, ina nishati kama uniti 12 za umeme, uniti ile ile ya mita ya nyumbani yani kWh 1. Kilo moja ya betri ya ndege, ukihesabu na boksi lake na nyaya zake, haifiki hata robo uniti. Hata ukiipa mota sifa yake yote ya kutopoteza umeme, bado mafuta yanaishinda betri zaidi ya mara kumi kwa kila kilo unayobeba, na ndege ni chombo kinachohesabu kilo kwa uchoyo kuliko chombo kingine chochote.

Na kuna jingine ambalo watu huwa hawalifikirii, mafuta yanaisha. Ndege kubwa ya safari ndefu inatua ikiwa nyepesi kwa makumi ya tani kuliko ilivyoondoka, kadri inavyokwenda ndo inavyopungua uzito na ndo inavyohitaji nguvu kidogo. Betri haina huruma hiyo, ikiisha chaji uzito ni uleule, unatua na kila kilo uliyoondoka nayo.

Tuangalie ndege moja ya kweli. Velis Electro ya Pipistrel, kampuni ya Slovenia, Juni 2020 ilikuwa ndege ya kwanza ya umeme duniani kupata cheti kamili cha muundo, yani kibali kwamba ndege ya muundo huo ni salama kurushwa, cheti alichotoa mdhibiti wa anga wa Ulaya, EASA. Ina viti viwili, uzito wa juu wa kuruka ni kilo 600. Betri zake ni mbili, moja mbele moja nyuma ya viti, ili moja ikizingua nyingine ikurudishe chini, na zinapozwa kwa maji maana betri ikipata joto kupita kiasi ndani ya ndege hakuna pa kusimama pembeni ukashuka. Zote mbili pamoja hazizidi uniti 25. Mota inaweza kuvuta kW 49 mfululizo, yani uniti 49 kwa saa. Gawanya mwenyewe: ukiikanyaga mfululizo una nusu saa. Ukienda taratibu unasogea kwenye dakika 50 na akiba kidogo juu yake.

Ndani yake ni raha kwa kweli. Hakuna kupasha injini, hujasukuma wenzo propela imetulia tuli, ukisimama kusubiri zamu ya kuruka haichomi kitu. Mbele yako kuna kioo kidogo kinachokuonyesha asilimia ya chaji, nguvu unayotumia kwa kW, na afya ya betri, kwa sababu kama simu yako tu, asilimia 100 ya betri iliyochoka sio asilimia 100 ya betri mpya. Cha kuogopa ni kwamba chaji ikishuka volti nazo zinashuka, na nguvu unayoweza kuvuta inapungua, sasa fikiria uko karibu kutua na chaji kidogo halafu kitu kinakatiza kwenye njia, inabidi ughairi upae tena, yani unaomba nguvu nyingi kuliko wakati wowote kutoka kwenye betri iliyo hoi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo rubani wa betri hakai anasubiri asilimia za mwisho kama sisi na simu.

Hapo ndo linaingia neno akiba, ambalo kwangu mimi ndo roho ya habari yote. Sheria za nchi nyingi zinataka ndege ndogo ya mchana ifike iendako ikiwa bado na dakika 30 za kuruka. Kwa ndege ya petroli hizo ni lita chache tu za ziada, hata huzisikii. Kwa ndege ya betri yenye chaji ya saa moja tu nusu yake imeshaenda, na hujafika popote. Ndo maana hizi ndege kwa sasa zinakaa kwenye shule za urubani, mwanafunzi anazunguka kiwanja, anatua, anapaa, anatua, na Ulaya wanaruhusu akiba ndogo zaidi ukiwa hutoki kwenye upeo wa kukiona kiwanja.

Kubwa zaidi zinajaribiwa pia. Desemba 2019 Harbour Air ya Kanada walirusha ndege ya majini ya zamani waliyoitoa injini wakaiwekea mota, na Septemba 2022 Alice ya Eviation iliruka Marekani kwa dakika nane. Norway nao walishasema wanataka safari zao za ndani ziwe za umeme ifikapo 2040. Ila wanaonivutia mimi ni wale wa mseto kama Heart Aerospace, iliyoanzia Sweden, wenye mpango wa ndege ya abiria 30 itakayokwenda kilomita 200 kwa betri peke yake. Mafuta inabeba pia. Safari yenyewe inatoka kwenye betri, na ile akiba ambayo siku nyingi haiguswi kabisa inakaa kwenye mafuta, kwa kuwa mafuta ni mepesi na kukaa tu kwenye tangi hakutoi moshi.