Je, wajua mafuta hupelekaje ujumbe ndani ya seli?

Katika vichochoro vya Lamu, muuza achari anapofunua bakuli la embe mbichi lililokolea chumvi na pilipili, mate humjaa mpitaji kinywani, na kipande cha kwanza kikigusa ulimi humiminika. Neva zimemwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya seli za tezi za mate, lakini kemikali hiyo haiingii ndani ya seli. Huishia nje, kama mgeni anayepokewa dakani katika nyumba ya mawe, akaeleza haja yake bila ya kuvuka kizingiti. Basi ni nani anayeifikisha habari ndani?

Mjumbe hukatwa kutoka katika ukuta wenyewe, na hapo ndipo ninapostaajabu zaidi. Seli imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta, wenye unene wa nanomita 5 hivi. Asetilikolini inaposhika kipokezi kilichomo utandoni, huamshwa kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi C, ambacho huipasua molekuli fulani ya mafuta hayo, iliyo adimu, vipande viwili. Kichwa chake, inositoli trifosfeti, huyeyuka majini. Kwa hiyo huelea hadi kwenye maghala ya kalsiamu yaliyomo ndani ya seli na kuyafungua malango yake. Seli iliyotulia huwa na kalsiamu huru iliyo pungufu takriban mara 10,000 kuliko ile ya nje, ndiyo maana hata kidogo kinachomwagika huleta tofauti kubwa papo hapo. Kalsiamu hiyo huzifanya ioni za kloridi, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zitoke kuelekea mfereji wa mate, sodiamu hufuata, nayo maji hufuata chumvi.

Kipande cha pili, daiasiligliseroli, hakiyeyuki majini. Hubaki utandoni, kikasaidiana na kalsiamu kuamsha kimeng'enya kingine, kinesi ya protini C, inayobandika fosfeti kwenye protini nyingine na kubadili mwenendo wake.

Baadaye kalsiamu husukumwa kurudi ghalani, na vipande vyote viwili hugeuzwa hatua kwa hatua hadi kuwa tena mafuta yale yale. Ukarabati huu ndio waliouona wanasayansi Mabel na Lowell Hokin mwaka 1953, fosforasi yenye mnururisho ilipoingia kwa kasi katika mafuta ya kongosho la njiwa lililotiwa asetilikolini. Kazi ya kile kipande kinachoelea ilidhihirika mwaka 1983, mwanasayansi Michael Berridge na wenzake walipoonyesha kwamba ndicho kinachoifungulia kalsiamu.