Sakafu ya saruji hainyonyi chaji ya betri

Umerudi tena kwenye magrupu ya Mombasa ule ujumbe kwamba betri ya trekta au gari ikiwekwa juu ya saruji hunyonywa chaji. Si kweli. Zamani makasha ya betri yalikuwa ya mbao au mpira mgumu; unyevu ulipopenya, umeme ulivuja, na hofu ikabaki. Ya leo ni ya plastiki, haipitishi umeme. Betri isiyotumika hupungua chaji popote ilipo, na joto letu la Pwani huharakisha.

Ukitaka kuhakikisha, chukua betri mbili zinazolingana, zichaji, weka moja sakafuni, nyingine ubaoni. Baada ya wiki kadhaa zipime kwa mita ya volti: zitakuwa zimepungua karibu sawa. Ya volti 6 iliyojaa husoma takriban 6.3, ya volti 12, takriban 12.6.

Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Mtu anahangaika kutafuta ubao, huku teminali (ncha za betri zinazofungwa nyaya) zimeota unga mweupe wa kutu, ambao ndio wa kushughulikiwa.