Je, wajua kwa nini Linux nyingine hukuachia uchague initi na nyingine hukuchagulia?

Mwanafunzi wa kompyuta hapa Mbeya akishaizoea Ubuntu, swali linalofuata huwa moja: nihamie distro ipi niweze kuibomoa na kuijenga nitakavyo? Distro ni Linux iliyokwisha kufungashwa na kundi fulani pamoja na programu zake, na zinazosifika kwa uhuru huo zinajulikana: Arch, Gentoo, Void, Artix, Slackware. Lakini ukizisogelea unakuta jambo la kushangaza. Arch inakuachia uamue karibu kila kitu, ila haikuulizi unataka initi gani, unapewa iitwayo systemd. Void nayo haikuulizi, unapewa runit. Gentoo inakuuliza kabla hujapakua hata faili la kwanza. Zote zinajiita huru, na kwenye kitu cha msingi kabisa haziko sawa.

Initi ni programu ya kwanza. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kerneli, yaani kiini cha Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, inatambua vifaa, inafungua diski, kisha inaanzisha programu moja tu na kuipa namba 1. Nyingine zote, kuanzia mtandao hadi kivinjari unachosomea makala hii, ni watoto, wajukuu au vitukuu vya hiyo namba 1. Programu ikifa ikaacha watoto, kwa kawaida mayatima hao hukabidhiwa namba 1 iwalee na kuwafuta kwenye orodha wanapomaliza kazi. Namba 1 yenyewe ikifa, kerneli inasimamisha mashine nzima papo hapo.

Kwa miaka mingi distro nyingi zilitumia sysvinit, aliyoiandika Miquel van Smoorenburg kwa kufuata mtindo wa Unix System V ya mwaka 1983. Kila huduma, yaani programu inayofanya kazi chinichini, ilikuwa na skripti yake (faili la amri) ndani ya /etc/init.d, na skripti hizo ziliendeshwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa namba. Ni rahisi kuielewa, kwa sababu unafungua faili, unasoma, unajua kinachotokea. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ikishaiwasha huduma haiiangalii tena. Chukua steshenari ya Iyunga, jirani na chuo kikuu cha MUST, yenye kompyuta moja inayohudumia printa. Huduma ya kuchapisha ikianguka saa nne asubuhi, na wanafunzi wamepanga foleni na ripoti zao za mafunzo kwa vitendo, itabaki imeanguka mpaka mtu aje kuiwasha.

Ndipo zikaja nyingine. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilileta Upstart ndani ya Ubuntu mwaka 2006. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaitangaza systemd, inayowasha huduma nyingi kwa pamoja, inayojua ipi inaitegemea ipi, na inayoweza kuifufua iliyoanguka endapo faili lake limeagiza hivyo. Fedora iliichukua mwaka 2011, Arch mwaka 2012. Huku upande mwingine runit ya Gerrit Pape ilikuwa inafanya ufufuaji huo kwa njia nyepesi kuliko zote nilizozisoma: kila huduma ina folda yake yenye skripti fupi iitwayo run, na kila folda ina mlinzi wake. Huduma ikifa, mlinzi anaianzisha upya papo hapo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuishikilie ileile huduma ya kuchapisha. Ili iwake chini ya systemd inahitaji faili la maelezo la systemd. Chini ya OpenRC, kisimamia huduma kinachotumika Gentoo, inahitaji skripti inayotaja inachokitegemea. Chini ya runit inahitaji folda na run yake. Ni kazi tatu kwa programu moja, na kila moja lazima mtu aiandike, aijaribu, kisha airudie pale programu inapobadilika. Zidisha hiyo kwa mamia ya pakeji (programu zilizofungashwa) zenye huduma ndani yake. Watunzaji wa distro wengi wao wanajitolea, na wakikuchagulia initi moja wanakuwa wamejipunguzia mzigo huo ili nguvu zao ziende kwingine. Uchaguzi haupotei hivihivi, kuna mtu anaubeba. Gentoo na Artix wameamua kuubeba, na pale wasipofika, unaubeba wewe mwenyewe kwa kuandika skripti yako.

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo iliyozua ugomvi. systemd haikuishia kwenye kuwasha huduma. Ilikuja na kitunza kumbukumbu za matukio ya mashine, kisimamia vifaa, na logind, kipande kinachofuatilia nani ameingia kwenye kompyuta na nani anaruhusiwa kuizima. Mazingira ya GNOME yalipoanza kuitegemea logind, kuchagua initi kukawa kumeshikamana na kuchagua muonekano wa skrini yako. Debian walijadili kwa miezi, na Februari 2014 kamati yao ya ufundi ikaamua systemd iwe initi ya kawaida. Novemba mwaka huohuo waliopinga walitangaza kujitenga na kuunda Devuan, yaani Debian isiyo na systemd, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2017. Na logind yenyewe ilikuja kunyofolewa ikawa programu inayojitegemea, elogind, kazi iliyoanzia kwenye mradi wa Guix, distro nyingine. Bila elogind, wengi wanaotumia OpenRC au runit leo wasingepata mazingira ya kisasa ya skrini bila taabu kubwa. Watu hao wachache walifanya kazi ya maana sana, na majina yao hayatajwi vya kutosha.

Kwa hiyo kijana wa Mbeya au Iringa mwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 achague ipi? Hapa nina msimamo. Kwanza, usichague initi kwa ajili ya kasi ya kuwaka. Kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, kuweka SSD kutakupa kasi ambayo hakuna initi itakayokupa.

Pili, angalia umeme na bando kabla ya kuangalia sifa. Gentoo kwa desturi yake hujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, na kwenye prosesa ya zamani kujenga kivinjari kimoja huchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati na betri ya mtumba ikakata tamaa, Portage, kifaa cha Gentoo cha kujengea programu, inaweza kuendelea na pakeji zilizobaki, lakini ile iliyokuwa inajengwa kwa kawaida inaanza upya. Tangu Desemba 2023 Gentoo inatoa pia pakeji nyingi zilizokwisha kujengwa, jambo lililoifanya iwezekane kwa watu wa kwetu. Bado, initi unaichagua kwenye faili la mwanzo kabisa, linaloitwa stage3: liko la OpenRC na liko la systemd. Kuhama baadaye kunawezekana, ila utajenga upya pakeji nyingi, na bando litakuambia.

Arch, Artix na Void zina shida nyingine. Hazina matoleo ya kukaa nayo miaka miwili, zinasasishwa mfululizo. Ukikaa Makete au Ludewa wiki kadhaa bila mtandao wa maana, ukirudi mjini unakuta mrundikano wa kupakua. Debian inasubiri, na faili lake dogo la kusakinishia halifiki GB 1.

Anayetaka kuajiriwa kutunza seva asiikwepe systemd. Debian, Ubuntu, Fedora na Red Hat zote zinaitumia, na ndizo atakazozikuta kazini. Ajifunze vizuri journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu za systemd, maana kumbukumbu hizo hazihifadhiwi kama maandishi ya kawaida, na siku mashine itakapogoma kuwaka utachomeka diski kwenye kompyuta nyingine, ambayo nayo lazima iwe na programu ya kuzisoma.

Anayetaka kuelewa kompyuta inavyoamka, nitamwambia Void, hata kama haimpi uchaguzi wa initi. Hatua za runit ni tatu tu, zimeandikwa kwenye mafaili /etc/runit/1, 2 na 3, na unaweza kuyasoma yote kwa kikombe kimoja cha chai. Kuiwezesha huduma ni kuweka kiungo chake ndani ya /var/service. Runit haipangi utegemezi: huduma isiyoweza kuanza inajaribiwa tena na tena mpaka inachokihitaji kiwe tayari. Wapo wanaoona huo ni upungufu. Kwangu ni njia ya wazi ya kumfundisha mtu.

Kabla ya kuhama, angalia ulicho nacho. Fungua terminali uandike ps -p 1 -o comm= kisha soma jibu. Ubuntu itajibu systemd, Void itajibu runit. Ukiiona init peke yake usidhani umekosea: Gentoo yenye OpenRC kwa kawaida huiacha sysvinit iwe namba 1, na OpenRC inasimamia huduma chini yake.