Nyumba ikishika moto: maswali kuhusu moshi na njia ya kutoka

Kwa nini moshi unaogopewa kuliko moto wenyewe?

Kwa sababu ndio unaotangulia kuua. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Magodoro na makochi ya sponji yakiungua hutoa pia sayanidi, sumu kali. Mtu huchanganyikiwa, miguu ikalegea, akaanguka hatua chache tu kabla ya mlango. Aliyelala yuko hatarini zaidi, maana harufu ya moshi haiaminiki kumwamsha. Kwa hilo nasisitiza king'ora cha moshi, hasa karibu na vyumba vya kulala.

Nitoke vipi?

Sasa hivi, huku ukiwaamsha wengine kwa sauti. Usitafute viatu wala vyeti. Moshi hupanda juu, kwa hiyo tambaa kwa mikono na magoti, uso karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango, uguse kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto, uache, tafuta njia nyingine. Kila mlango unaoupita, urudishie: mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi. Lifti usiitumie.

Dirisha lenye nondo ni mtego. Kama zina kufuli, ufunguo ukae hapohapo karibu, na kila mtu ajue ulipo, watoto wakiwemo.

Kitambaa kibichi puani kinasaidia?

Kidogo, kwa masizi. Kaboni monoksaidi hupita. Usipoteze muda kutafuta maji.

Njia zote zikizibwa?

Funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa shuka au nguo, pigia zimamoto uwaambie uko chumba gani, kisha punga kitambaa dirishani.

Na kama kuna mtu amebaki ndani?

Najua inavyouma, lakini usirudi. Waambie zimamoto alipo. Wao wana vifaa vya kupumulia.

Nguo zikishika moto?

Usikimbie. Lala chini, funika uso kwa mikono, jiviringishe mpaka moto uzimike.

Nimetoka mzima. Niende hospitali?

Ukiwa umevuta moshi, nenda, hata kama unajisikia vizuri. Kichwa kuuma, kichefuchefu, sauti kukwaruza au masizi puani ni dalili za kukimbizwa haraka, kwani koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, mafuta wala dawa ya meno.