Shokapu za ATV nyingine: urefu kulingana hautoshi

Anayetafuta shokapu za mtumba za ATV yake (pikipiki ya magurudumu manne) ya kwenye mashamba ya mkonge au ufukweni Tanga, kwanza hupima umbali kati ya tundu la juu na la chini. Zikilingana na zake, ananunua. Mimi naanzia kwingine: tairi likipanda sentimita kumi, shokapu inajibana kiasi gani?

Piga jeki, kalisha fremu juu ya magogo, toa shokapu za mbele. Pandisha tairi milimita 100 kwa mkono, kisha pima matundu ya bolti yamekaribiana kwa kiasi gani. Tuseme ni milimita 60, yaani uwiano wa 0.6. Ugumu unaofika tairini ni ugumu wa springi mara 0.6, halafu mara 0.6 tena. Springi ya N/mm 30 (nguvu ya nyutoni 30 kuibana milimita moja) inabaki 10.8. Ifunge hiyohiyo kwenye ATV yenye uwiano wa 0.5, unapata 7.5. Shokapu ni ileile, urefu uleule, ila mashine imelegea kwa karibu theluthi. Ndiyo maana shokapu iliyosifiwa kwenye mashine moja inagonga mwisho kwenye kila shimo ikihamia nyingine.

Urefu nao una hesabu yake. Shokapu iliyozidi milimita 20 haiinui mbele kwa 20. Gawa kwa 0.6, inainua 33 hivi. ATV ni kitu kinachopinduka kirahisi, na kila sentimita ya kimo inakula usalama wa kona. Tena mkono wa chuma unaounganisha tairi na fremu ukining'inia kuliko ulivyotengenezwa, boljointi (kiungo cha duara mwishoni mwake) inakwama pembeni, paipu ya breki inavutika, na kwenye mashine inayovuta kwa matairi yote manne sivijointi (kiungo cha ekseli inayozungusha tairi) inajikunja kupita kiasi na kupasua raba yake.

Upande wa kujibana ni hatari zaidi kwa sababu hauonekani mashine ikiwa imesimama. Toa springi kwa kibanio chake (usiifungue kwa bisibisi na maombi), funga shokapu tupu, pandisha tairi hadi mwisho huku usukani umekatwa kushoto, kisha kulia. Raba ya kizuizi, ile ya kwenye shafti inayozuia shokapu isigonge mwisho, iguse kabla ya tairi kugusa bodi au mkono kugonga fremu. Isipogusa, ongeza kipande cha kizuizi kwenye shafti. Angalia pia chupa ya gesi ya pembeni isikwaruzwe na tairi. Hiyo chupa ina naitrojeni yenye presha kubwa, usiifungue mwenyewe.

Bushi ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Tundu la shokapu likiwa la bolti ya milimita 12 na masikio ya fremu (vipande vinavyoshika bolti) ni ya 10, kerezesha bushi ya chuma inayoingia bila kucheza. Usitoboe masikio, na usikate kipande cha bomba la maji. Bolti iwe ya daraja la uimara 8.8 au zaidi, na sehemu isiyo na nyuzi ndiyo ikae ndani ya masikio. Nyuzi zikikaa hapo, zinasaga tundu na bolti hukatika hapohapo. Ya milimita 10 ikazwe kama Nm 45 (nyutonimita, kwa spana ya kupimia), kwa nati yenye nailoni.

Sasa kaa juu ya mashine na mzigo wako wa kawaida. Ikae chini karibu theluthi ya mwendo wake wote, yaani umbali wote ambao tairi linaweza kupanda na kushuka: kwenye mwendo wa milimita 180, kama 55 hadi 60. Ikizama zaidi, kaza kidogo ringi inayoshikilia springi. Ringi inainua mashine tu, haifanyi springi kuwa ngumu. Ikibidi uikaze mpaka karibu na mwisho, tafuta springi nyingine. Na ukiweka springi laini kwenye shokapu iliyotoka mashine nzito, mafuta yake yanairudisha polepole mno. Kwenye barabara ya vumbi yenye vijimawimbi, mbele inazama wimbi kwa wimbi mpaka inakuwa kama haina shokapu kabisa. Legeza skrubu ya kurekebisha kasi ya kurudi kwa shokapu, kama ipo.

Kabla ya kulipa, pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama kwenye doa la kutu, acha: doa hilo litachana oilsili, raba inayozuia mafuta yasivuje. Na ukitoka ufukweni, osha shafti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila mashine ya presha, kwani presha huingiza mchanga ndani ya sili.