Mathenge hauna sumu ya kung'oa meno

Kwenye mnada wa mbuzi Vingunguti utasikia kwamba mathenge, ule mti wa miiba wenye asili ya Amerika uliovamia Baringo, Kenya, una sumu inayong'oa meno ya mbuzi. Meno kweli hung'oka: mwaka 2006 wafugaji walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kama ushahidi. Ila kinachoyaozesha ni sukari. Maganda ya manjano yanayobeba mbegu za mathenge ni matamu, hunata kwenye meno na fizi, na mbuzi akiyala kila siku, basi tena.

Maganda hayo yakisagwa na kuchanganywa na majani, ni chakula kizuri cha mifugo. Usagaji pia huua mbegu, na hili ndilo kubwa zaidi, kwani mbegu nzima hupita tumboni salama, ikaota kwenye kinyesi, mbali kabisa na mti mama.